Mistari Mia Nne na Kumi na Miwili

Programu ilikwama tena kwenye asilimia sitini na moja, na safari hii Thoan hakungoja kuambiwa. Alisogeza kiti, akainama mpaka sikio lake likagusa diski nyeusi iliyokuwa juu ya meza, kisha akaziba sikio la pili kwa kiganja.

"Dada Thoan, mgonjwa anasemaje?" Vỹ aliuliza kutoka upande wa pili wa chumba. "Anapumua?"

"Hebu nyamaza kidogo."

"Mwambie atoe ulimi."

"Vỹ!"

Akanyamaza. Feni ya darini iliendelea kulalamika. Chini ya lalamiko lile, ndani ya kiboksi kisichozidi ukubwa wa kiganja, Thoan aliisikia: tk, tk, tk. Kimya. Mkwaruzo mdogo, kama wa mtu anayetafuta tundu la kufuli kwa kupapasa. Kisha tena tk, tk, tk.

Aliinuka. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Simamisha kila kitu," alisema. "Sasa hivi. Programu yako inamuua."

Kwenye karatasi za ofisi ile ya mji wa Đông Hà, Thoan aliitwa mwandishi wa kumbukumbu. Alikuwa na miaka arobaini na sita na hakuwahi kusomea uhandisi. Alianza kwa kupiga chapa, akaendelea kwa kupangusa vumbi ndani ya kompyuta, baadaye kuzifungua, baadaye kuzifufua, na kwa kuwa hakuna aliyemkataza, kila mashine ya jengo lile ilipougua ilipelekwa kwake. Vỹ ndiye mhandisi mwenye vyeti, mtu wa miaka thelathini aliyeitwa kutoka jiji la Đà Nẵng kuja kuandika programu ya kazi hii. Alikuwa na akili nyingi na mdomo usiojua likizo.

Kazi yenyewe ilikuwa kubwa. Mistari milioni moja na laki tatu, kila mmoja ukiwa na jina la askari aliyefia vitani, ilikuwa imekusanywa kutoka wilayani, makaburini na kwenye vikosi vya zamani. Tatizo ni kwamba mtu mmoja aliandikwa mara mbili, mara tatu, hata mara sita. Hapa jina kamili, pale nusu jina, kwingine mwaka wa kuzaliwa umegeuzwa. Familia ikija kuuliza, ilifunguliwa orodha moja, ikaambiwa hayupo, kumbe yupo kwenye orodha ya pili. Programu ya Vỹ ilipita ikilinganisha kila mstari na wenzake, ikabakiza ule ulio safi na kuziweka kando nakala zake. Ilitembea siku nne bila kujikwaa, mpaka ilipoifikia diski iliyoletwa kutoka kilima cha Dốc Sỏi.

Kilimani kule kulikuwa na makaburi mia nne na kumi na mawili, na mawe yake yote yalikuwa yakibadilishwa kabla ya siku ya maadhimisho ya mashujaa. Daftari la karatasi lilikuwa limegeuka uji kwenye mafuriko. Kilichobaki ni faili moja ndani ya diski ile. Orodha ilikuwa inafungwa saa kumi na moja jioni, na kaburi lisilokuwa na mstari wake lingechongewa maneno matatu tu: jina bado halijajulikana.

Sasa ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi.

"Tuiruke," alisema Lưu, mkuu wa ofisi, akiwa amesimama mlangoni na glasi yake ya chai ya barafu. Alikuwa mwembamba, mwenye haraka, na alipenda mambo yaishe. "Tuna milioni na laki tatu, Thoan. Mia nne ni tone."

"Mia nne na kumi na wawili, Kaka Lưu."

"Haya, na kumi na wawili."

"Mimi nadhani si diski," Vỹ aliingilia. "Ni maandishi. Faili la zamani, herufi za zamani, programu inakutana na alama isiyoijua inachanganyikiwa. Nipe saa moja nirekebishe."

Thoan alichukua karatasi aliyokuwa ameandika tangu asubuhi. "Mara ya kwanza imekwama mstari wa mia na themanini na nane. Ya pili, mia mbili na tatu. Ya tatu, mia na themanini na nane. Ya nne, mia na tisini na moja. Nimebadilisha waya, nimehamia kompyuta nyingine, ni yale yale. Kosa la maandishi halitembei, mdogo wangu. Likikaa mahali, litakukalia hapo mpaka mwisho wa dunia. Hili linatembea. Hili ni la chuma."

Vỹ aliichukua karatasi, akazisoma namba tena.

"Na mimi nina swali," Thoan aliendelea, sauti ikishuka. "Kwa nini tunaisoma diski yenyewe? Nakala yake iko wapi?"

Siku tatu zilizopita Thoan alikuwa kijijini kwao, kwenye karamu ya kumkumbuka marehemu mama yake, na alikuwa ameacha maagizo kwamba kila kilicho kizee kinakiliwe kwanza ndipo kiguswe.

Vỹ alikuna shingo. "Nilitaka kuokoa muda."

"Umeokoa?"

"Dada, piga lakini usitese."

Simu ya mezani ikalia. Lưu aliiweka kwenye spika, na chumba kikajaa sauti ya Mzee Sạ, fundi wa mawe, ambaye watu wote wa ofisi walimwita Baba Mkubwa.

"Nyie watoto! Mashine zangu zimewashwa, watu wangu wanne wamekaa wanacheza karata. Majina yako wapi?"

"Yanakuja, Baba Mkubwa," Lưu alisema.

"Yanakuja kwa miguu? Mimi nikiamua, nachonga 'jina bado halijajulikana' kwenye mawe yote kabla hujamaliza hiyo chai yako ninayoisikia ukiinywa!" Akakohoa. Aliporudi, sauti ilikuwa imepungua. "Lakini maneno hayo siyapendi. Nimeyachonga sana. Thoan yupo?"

"Nipo, Baba Mkubwa."

"Basi fanya unavyojua wewe." Akakata.

Lưu alimtazama Thoan, akaitazama saa ya ukutani, akanywa funda moja. "Unataka nini?"

"Feni ile ndogo ya chumbani kwako. Na mlango ufungwe, upepo usiingie."

Nje upepo wa Laos ulikuwa umeanza, ule upepo mkavu wa Julai unaozikausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Joto lilipenya kila upenyo, na diski ilikuwa ya moto kama yai lililotoka kuchemshwa. Lưu alipendekeza iwekwe kwenye jokofu. Thoan alikataa: ikipoa ghafla itatoa jasho ndani, na jasho litamaliza kilichobaki. Alizunguka chumba kwa macho mpaka akaona kwenye dirisha kipande cha marumaru, unene wa vidole vitatu, sampuli aliyoiacha Mzee Sạ wiki iliyopita. Alikibeba kwa mikono miwili, akakiweka mezani, akailaza diski juu yake kwa upole. Feni ndogo ya Lưu ikaelekezwa pale, na jiwe likaanza kuvuta joto polepole.

"Sasa nisikilize," alimwambia Vỹ. "Programu yako ikigonga mahali pabovu inang'ang'ania. Inasoma mara mia, na kila mara inakwangua. Tutafanya kinyume chake. Faili limekaa kwenye vipande mia na sitini na kimoja. Kwanza tunachukua vilivyo rahisi. Kikikataa, tunakiruka, hatukibembelezi. Kila kinachotoka kinaandikwa kwenye diski mpya papo hapo. Tukimaliza, ndipo turudi kwa wakaidi."

"Niandike amri?"

"Andika. Mkono wako ni mwepesi kuliko wangu."

Vỹ akaketi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa na utani. Vidole vyake vilicheza juu ya kibodi. Thoan alisoma kila amri mara mbili kabla hajamruhusu kuiachia.

Kipande cha kwanza kilitoka. Cha pili. Cha tano. Kwenye skrini mistari ilianza kujipanga, jina, kijiji, mwaka, safu, kaburi, na Thoan alihisi nywele za mikono zikimsimama.

"Sabini!" Vỹ alisema. "Dada, mistari sabini ni mizima!"

"Endelea."

"Mia moja na ishirini!"

Akina mama wa chumba cha barua walisikia kelele wakaja. Dereva akaja. Mtu akaweka dau la maji ya miwa kwamba wasingefika mia tatu. Ilipotimia saa sita mzunguko wa kwanza ulikuwa umeisha: mistari mia mbili tisini na sita. Mmoja wa akina mama alileta bánh lọc, keki ndogo za muhogo zenye uduvi ndani, zilizofungwa kwa majani ya mgomba, na Thoan alikula tatu akiwa amesimama, bila kujua anakula nini, macho kwenye skrini.

"Waliobaki tunawafuata kinyumenyume," alisema akijifuta vidole.

"Kinyumenyume vipi?" Lưu aliuliza. Chai yake ilikuwa imeyeyuka barafu yote.

"Tukisoma kwenda mbele tunajikwaa kwenye jeraha, kilichoko nyuma yake hatukifikii. Tukianzia mwisho tunarudi, tunalifikia jeraha kwa upande wa pili. Kinachobaki ni jeraha lenyewe tu."

Lưu alitingisha kichwa kama mtu aliyeelewa, akavuta kiti, akaketi.

Mia tatu na kumi. Mia tatu arobaini. Aliyeweka dau alitumwa kuleta maji ya miwa kwa watu wote. Diski ilikuwa ikikwaruza, inatulia, inakwaruza, na kila ilipotulia chumba kizima kilishusha pumzi. Mia tatu sitini na tisa. Mia tatu sabini na moja. Kisha muda mrefu bila kitu. Thoan aliweka kiganja juu ya jiwe: limepata joto. Akasimamisha kazi dakika ishirini, akaligeuza jiwe upande uliopoa, akaanza tena. Mia tatu sabini na nne.

Saa nane na dakika kumi diski ilitoa mlio mwembamba mkali, kama kijiko kikivutwa kwenye sahani, na haikuzunguka tena.

Vỹ alijaribu mara moja, mara mbili. Thoan alimshika bega. "Muache. Amekwenda."

Mistari thelathini na minane haikupatikana. Ilionekana wazi kwenye skrini, kama meno yaliyong'oka: safu ya tatu, kaburi la kwanza mpaka la tano, hakuna, safu ya tisa, kumi na moja mpaka kumi na nane, hakuna, na kwingine kwingi.

"Mia tatu sabini na nne ni ushindi," Lưu alisema taratibu. "Thoan, nasema kweli. Asubuhi tulikuwa na sifuri."

Thoan aliisogeza skrini karibu. Alikuwa akiyatazama yale mapengo. Safu na kaburi vinajulikana. Wanaokosekana ni watu. Je, kuna mahali pengine popote ambapo mtu alipata kuandika jina pamoja na safu na kaburi la Dốc Sỏi? Kikosi kilichokusanya mifupa na kuizika upya pale kilimani kiliacha orodha yake. Alikumbuka kuiona ikipita wiki iliyopita. Aliifungua upesi: majina safi, alama zote za herufi mahali pake. Lakini aliyeichapa alikuwa ameiacha nje safu wima ya mwisho ya jedwali. Namba za makaburi hazikuwemo.

"Vỹ. Orodha ya kikosi cha mazishi ililetwa nakala ngapi?"

"Tatu. Wilaya tatu tofauti, wachapaji watatu. Programu ikabakiza hii, ndiyo safi zaidi."

"Na zile mbili?"

"Ziliwekwa kando pamoja na nakala nyingine."

"Kaka Lưu jana alikwambia ufute nakala zote, seva imejaa."

Vỹ aligeuka polepole. Wote walimtazama. Masikio yake yaliiva.

"Umefuta?" Thoan aliuliza.

"Dada…"

"Umefuta, Vỹ?"

"Mkuu alisema nifute kabla ya chakula cha jioni. Halafu kulikuwa na mpira." Alimeza mate. "Nilikuwa mvivu."

Chumba kililipuka. Dereva alimpiga mgongoni mpaka miwani ikamtoka. "Mvivu wa baraka!" akina mama walipiga kelele. Lưu alinyoosha kidole kama anataka kukaripia, akajikuta anacheka, akakirudisha kidole mfukoni.

Nakala ya pili haikuwa na kitu kipya. Ya tatu ilipofunguka, Vỹ aliguna. Haikuwa na alama hata moja juu ya herufi, nafasi zimeruka, mistari imepinda.

"Nani kaandika takataka hii? Ona huyu: Khoai. Mtu shujaa, alama imemtoka kwenye jina, kawa Kiazi! Na huyu sijui…"

"Ni mimi," Thoan alisema.

Vỹ akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Nukta kati ya safu na kaburi. Wenzangu wote waliweka alama ya mkwaju, mimi niliweka nukta, kitufe cha mkwaju kilikuwa kibovu." Alikuwa ameisogelea skrini karibu sana. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja mwaka alioichapa orodha ile, mashine ya kuazima isiyojua herufi za kwao, na mwanajeshi mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza ameketi kando yake akimsomea daftari. Mkono ulikuwa umemuuma. Alipotaka kuacha namba za makaburi ili amalize mapema, yule mzee aligonga meza. Andika, binti, alisema. Jina mtalikosea, mwaka mtaukosea, lakini aliyelala pale hajihamishi.

Namba zote zilikuwemo.

Kuanzia hapo walifanya kazi kama watu wanaozima moto. Vỹ alisoma namba na jina lisilo na alama kutoka kwenye nakala chafu, Thoan akatafuta jina kwenye nakala safi, Lưu mwenyewe, ameshavua saa na kukunja mikono ya shati, alihakiki kijiji na mwaka kwa sauti.

"Tatu, nukta, moja!"

"Bùi Đăng Khoái, siyo kiazi. Mwaka arobaini na tisa."

"Arobaini na tisa, sawa! Unaofuata!"

Thelathini na saba walijazwa. Wa thelathini na nane, safu ya tisa, kaburi la kumi na nne, hakuwa na kitu. Hata kwenye nakala ya Thoan palikuwa na nukta tupu, kwa sababu daftari la yule mzee lilichanika pale. Thoan alijaribu orodha nyingine nne. Saa kumi na nusu akapiga simu kilimani.

"Baba Mkubwa, majina yanakuja. Mia nne na kumi na moja."

Upande wa pili sauti ikawageukia watu wengine: "Tupeni karata, nyie!" Halafu: "Na mmoja?"

"Huyo usimchonge. Hata yale maneno usiyachonge. Liache jiwe hivyo hivyo mpaka tumpate."

"Jiwe tupu? Wakubwa wataniuliza."

"Waambie waniulize mimi."

"Haya, mwanangu."

Vỹ aliiachia programu. Asilimia sitini na moja. Watu walisogea. Sitini na mbili. Mtu alipiga kofi moja, akashikwa mikono. Sabini. Themanini na tatu. Dakika kumi na mbili kabla ya saa kumi na moja ilifika mia, na Vỹ akaruka, akamkumbatia dereva, akataka kumkumbatia Lưu, akajizuia, na Lưu ndiye akamvuta. Thoan aliketi. Alikuwa akitabasamu bila kuweza kujizuia.

Orodha ilipokwisha kwenda, Vỹ alitoa ripoti ya mwisho. "Dada, njoo uone. Kutoka kwenye ile mistari ya kilimani, kumi na saba wamelingana na maombi ya familia. Watu kumi na saba ambao ndugu zao walituandikia barua tukawajibu hatuwajui."

Wa kwanza alikuwa Khoái. Ombi lilitoka kijiji kimoja cha mkoa wa Thái Bình, limesainiwa na mdogo wake wa kike, mara ya kwanza miaka ishirini na miwili iliyopita, mara ya mwisho mwezi Machi. Chini kulikuwa na namba ya simu.

"Utaratibu ni barua," Lưu alisema.

"Inafika baada ya muda gani?"

"Wiki tatu. Nne." Aliitazama dari. Akakohoa. "Mimi nakwenda kuosha glasi yangu. Simu ya mezani hainihusu. Ila useme 'huenda', Thoan. Kwenye karatasi wanafanana, lakini useme 'huenda'."

"Nitasema."

Alifuta viganja kwenye suruali, akabonyeza namba moja moja. Vỹ alizima feni ili asikie vizuri. Simu iliita mara nne, mara tano. Ya saba ikapokewa, na kwanza kabisa hapakuwa na mtu, palikuwa na maji tu, maji mengi yakimiminika ndani ya kitu cha bati.

"Halo?" sauti ya mwanamke mzee ilisema kwa nguvu juu ya kelele ile. "Nani? Sikusikii! Ngoja, nafunga maji, usikate!"

"Sikati, mama," Thoan alisema.

Alisikia kandambili zikiburuzwa juu ya saruji, zikienda mbali. Bomba lilikwaruza mara moja, mara mbili. Maji yakapungua, yakawa uzi, yakawa matone, na Thoan akaikamata simu kwa mikono yote miwili, akisikiliza kandambili zikirudi.